Soksi ya Mguu wa Kushoto

Mwanamume akianza kulala na soksi katikati ya joto, mkewe hawezi kuacha kuuliza. Mke wa Mzee Nyuzi aliuliza mara ya kwanza, akaambiwa miguu inaingia baridi. Akauliza tena, akaambiwa ni uzee huo, zoea. Mara ya tatu hakuuliza. Alimtazama mumewe akipanda kitandani na soksi zake nyeusi za kazini, akasema, "Haya, Baba Pacha. Mficha maradhi, kifo humuumbua." Kisha akageukia ukutani akalala zake.

Sasa huyo Mzee Nyuzi si mtu wa kufundishwa habari za miguu. Alikuwa mpasuaji wa mishipa ya damu, na jina lenyewe alipewa na wauguzi wa chumba cha upasuaji kwa sababu ya mishono yake. Mshipa mwembamba kama mrija wa soda angeukata, angeuunga, na uzi usionekane ila kwa aliyevaa miwani. Mikono yake ilikuwa mikubwa, ungedhani ya mtu wa jembe, lakini ikishika sindano hapo unanyamaza. Watu walioletwa wamebebwa waliondoka kwa miguu yao, na baadhi yao bado walimpigia simu kumwambia kwamba leo wamepanda ngazi bila kupumzika.

Na mtu huyohuyo alikuwa na kidonda kwenye kidole cha pili cha mguu wa kushoto, na hajamwambia mtu. Kilianza na kiatu kipya. Lengelenge dogo lilitoka, likapasuka, likakauka, likafunguka tena, na tangu hapo kidonda kikakataa katakata kupona. Sukari alikuwa nayo miaka mingi. Anaijua, nayo inamjua. Angekuja mgonjwa na kidonda cha namna hiyo, angemvua viatu palepale na kumgombeza kwa kuchelewa. Yeye mwenyewe alijifungia bafuni kila asubuhi, akakisafisha, akakizungushia bandeji nyembamba ili kiatu kiingie, akavuta soksi juu yake. Wahenga walisema mganga hajigangi, lakini wahenga hawakuwa na ufunguo wa stoo ya bandeji.

Tusimwonee, alijipima. Siku moja wagonjwa wa kliniki walipokwisha, alifunga mlango, akajilaza kwenye kitanda cha wagonjwa, akajipima presha mkononi, kisha akaufunga mkanda uleule kwenye kifundo cha mguu na kulinganisha. Hesabu yake ni rahisi: presha ya kifundoni ikikaribiana na ya mkononi, damu inafika mguuni; ikiwa chini sana, mshipa umeziba mahali. Yake ilitoka nzuri, nzuri ajabu kwa mtu wa umri wake. Alishuka kitandani akipiga mluzi. Damu inafika, alijiambia, hiki ni kiatu tu.

Lakini kilichomfanya afunge mlango alikijua. Aliogopa. Aliogopa kuupoteza mguu ule, maana mpasuaji husimama, na asiyeweza kusimama hana kazi pale mezani. Na aliogopa zaidi kulala yeye juu ya meza ya mtu mwingine, azitazame taa zile kwa chini, huku mtu akimwambia avute pumzi.

Leseni ndiyo iliyomtoa mafichoni. Kila daktari hutakiwa kuhudhuria mafunzo endelevu na kukusanya alama, na Mzee Nyuzi alikuwa ameyakwepa muda mrefu: mara ana mgonjwa, mara ana mafua, mara gari limegoma. Hatimaye katibu wa idara alimwambia kwa adabu zote kwamba bila alama hakuna leseni, na bila leseni hata mkasi hagusi. Basi akaenda, amenuna kama mtoto anayepelekwa kunyolewa.

Mafunzo yalikuwa kwenye ukumbi wa hoteli, viti vimevalishwa vitambaa vyeupe na kipoza hewa kimefunguliwa mpaka watu wanajikunyata. Bango la mbele lilisema Maendeleo Mapya katika Upasuaji wa Mishipa ya Damu. Mzee Nyuzi alilisoma, akamnong'oneza mpasuaji mnene aliyeketi karibu naye kwamba huo upya uko wapi, damu ni ileile na miguu ni ileile miwili. Yule mnene alicheka mpaka kadi ya jina ikamdondoka kifuani. Walikuwa wamechagua viti vya nyuma kabisa, jirani na meza ya chai, kama wanafunzi watundu.

Mkufunzi alipoingia, Mzee Nyuzi alijiinua kidogo kitini. Kumbe ni Kobe. Kobe alikuwa mwanafunzi wake zamani, binti mwembamba, mkimya, mpole wa mikono kupita kiasi. Wenzake wakishafunga jeraha na kuvua glavu, yeye bado yuko kwenye mshono wa pili, anautazama. Mzee Nyuzi ndiye aliyembandika jina hilo. Alikuwa akigongagonga sinia la vyombo kwa mkasi na kusema, "Kobe, mgonjwa atazeeka mezani," na chumba kizima kinaangua kicheko. Kobe naye alicheka, au alionekana kucheka. Amevaa barakoa, utajuaje? Alipomaliza, akaenda masomoni ng'ambo, akarudi na ufundi wa kutibu mshipa kwa ndani bila kuufungua: tundu dogo kwenye kinena, waya mwembamba unapenyezwa, puto linafuata na kupanua pale palipoziba. Mzee Nyuzi aliuita ufundi huo kuzibua mabomba, na hakuwahi kwenda kuutazama.

Kobe alimwona kule nyuma, akapita katikati ya viti vyote hadi alipo.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Kobe. Umefika?"

"Nimefika, Mwalimu. Nilichelewa njiani."

Wakacheka wote wawili, na Mzee Nyuzi akamsifu moyoni kwamba ulimi umepata makali. Kipindi cha kwanza kikawa cha nyaya na maputo. Alikisikiliza kwa sikio moja, akikosoa chinichini, huku kidole kikimchoma ndani ya kiatu kama kimewekewa kaa la moto.

Kipindi cha pili kilihusu kupima. Kobe alisema anataka mtu mmoja mzima wa afya ajitolee mguu, apimwe kifundoni na kisha kwenye kidole gumba, kwa kimkanda kidogo chenye taa ya kusoma damu. Aliongeza kwamba baadaye ataeleza ni lini kipimo cha kifundo hudanganya. Kabla hajamaliza, vijana wa mbele wakaanza kupiga makofi na kuita Mzee Nyuzi, Mzee Nyuzi. Mzee wa watu afanyeje? Kukataa ni kuzua maswali. Kobe alisema si lazima, lakini yeye alikuwa ameshasimama, anakwenda mbele akijikaza asichechemee, na njiani anapiga hesabu yake: atatoa mguu wa kulia, ule mzima.

Akalala kwenye kitanda cha maonyesho, akavua kiatu na soksi ya kulia. Kipimo cha kifundo kilionyeshwa kwenye skrini kubwa, na kilikuwa kizuri kama kile alichojipima kliniki. Ukumbi ukapiga makofi. Mtu akasema huo ni mguu wa mchezaji mpira, na Mzee Nyuzi akapunga mkono kama amefunga goli.

Kisha Kobe akakivalisha kidole gumba kile kimkanda. Namba ya kidole ilitokea kwenye kimashine kidogo alichokishika mkononi, wakaiona wawili tu, yeye na mwenye mguu. Kobe akakikagua kimkanda. Akafungua, akafunga upya, taratibu, akapima tena. Namba ikarudi ileile, thelathini na nane, chini ya nusu ya ile inayotarajiwa kwa mtu mzima wa afya. Mzee Nyuzi alimtazama usoni akaona macho yamejaa huruma, na huruma ile ilimuuma kuliko kidonda. Kobe akakigeuzia kimashine kifuani kwake, akauambia ukumbi kwamba kifaa hakikai sawa, betri zake zimechoka, twendeni chai kwanza.

Watu wakainuka kwa kelele. Yeye akapiga goti kando ya kitanda, akaiokota soksi ya mwalimu wake na kumvalisha, kama binti anavyomvalisha baba yake.

"Mwalimu, tuonane baadaye," alinong'ona. "Sisi wawili tu."

Mzee Nyuzi alikwenda msalani akajifungia. Hakuwa na haja ya kuelezwa. Sukari ya miaka mingi huugeuza ukuta wa mshipa kuwa mgumu, na mkanda wa presha hupima kwa kuubana mshipa. Mpira wa kumwagilia maua ukiubana, maji yanasimama. Bomba la chuma ubane mpaka kesho. Mkanda umeshindwa kubana, ukaandika presha ya juu, na yeye akaiita afya. Mambo haya aliwahi kuyasoma, aliwahi hata kuyauliza kwenye mitihani ya watoto wa watu. Ila hakuwahi kununua kimkanda cha kidole kwa sababu vidole vyake mwenyewe, alikuwa akisema, vinatosha kuhisi mapigo. Na huo ulikuwa mguu mzima. Kama mzima ni thelathini na nane, ule mwingine je? Kijasho chembamba kikamtoka, na kipoza hewa chote kile.

Akiwa bado mle ndani, waliingia vijana wawili kunawa mikono. Mmoja alikuwa yule daktari mwenye tai nyekundu aliyeongoza makofi. Alikuwa akimweleza mwenzake kwamba afadhali ameona kwa macho yake: hivyo vikanda vya kidole ni mbwembwe tu, haviaminiki, kifundo kinatosha. Ana mgonjwa wodini, mama mmoja fundi cherehani, kidonda chake cha kisigino hakiponi lakini kifundo kinasoma vizuri kabisa. Alikuwa na wasiwasi naye, sasa umemtoka. Jioni atampa ruhusa arudi nyumbani na dawa ya kupaka. Wakakausha mikono wakatoka.

Mzee Nyuzi alibaki ameketi. Fundi cherehani hakumjua, lakini alijua atakavyorudi: atarudi amebebwa, mguu mweusi, na yeye au mwingine kama yeye atamwambia pole mama, hapa hakuna jingine ila kukata. Alijua pia kwamba Kobe amemsitiri. Mbele ya watu wote wale amemfunika kwa uongo mdogo wa betri, na uongo wenyewe umetolewa kwa mapenzi. Angeweza kutoka pale na heshima yake kamili, akaonana na Kobe kichochoroni, mambo yakaisha kimya kimya. Na yule mama arudi kwenye cherehani yake na dawa ya kupaka. Aliyafikiri hayo, na nisikufiche, aliyafikiri kwa muda mrefu kuliko anavyopenda kukumbuka. Kisha akamkumbuka mkewe alivyogeukia ukutani. Akanawa uso.

Aliporudi, Kobe alikuwa ameshaleta kifaa cha akiba na kumpima kijana mmoja, kifundo na kidole vikaafikiana, na alikuwa anataka kuendelea. Mzee Nyuzi hakwenda kiti cha nyuma. Alisimama katikati ya ukumbi akainua mkono.

"Mwalimu," alisema, na watu wakageuka kutazama anamwita nani. "Kile kifaa chako cha kwanza ni kizima. Anayeumwa ni mimi."

Kobe akafungua mdomo, pengine amsitiri tena, lakini mzee alikuwa ameshafika kwenye kitanda. Aliwaambia namba ya kidole cha kulia, ile iliyofichwa. Kisha akainama, akafungua kamba za kiatu cha kushoto, akakivua, akavua na soksi. Bandeji ilikuwa imelowa. Akaifungua mwenyewe, tabaka baada ya tabaka, na ukumbi uliokuwa unacheka asubuhi ukanyoosha shingo kutazama. Yule mpasuaji mnene alisimama kule nyuma, mkono ameuweka mdomoni.

Akamwomba Kobe apime huu. Kobe akakivalisha kimkanda kidole gumba, jirani na kile chenye kidonda, akapima, akainamisha kichwa.

"Soma kwa sauti," alisema Mzee Nyuzi. "Nyuma hawasikii."

"Kumi na tisa, Mwalimu."

Hapo akageuka akafundisha, maana kufundisha ndiko alikokuwa anakujua. Aliwaambia jinsi alivyojipima mlango umefungwa, jinsi kifundo kilivyomdanganya na yeye alivyopenda kudanganywa, kwa sababu kipimo kikisema unachotaka kusikia hukipimi mara ya pili. Aliwaeleza habari ya mpira wa maua na bomba la chuma. Aliwaambia kwamba mwenye sukari, mwenye kidonda kisichopona, kidole ndicho kiulizwe, si kifundo. Sauti ilimtetemeka mahali, na hakujaribu kuificha. Mwishoni akamtafuta kwa macho mwenye tai nyekundu, wala hakutaja alikomsikia.

"Na mwenye mgonjwa wodini wa namna yangu, leo asimruhusu. Ampigie simu muuguzi sasa hivi, kabla hatujaendelea."

Kijana alitoka nje mbio na simu sikioni. Hakuna aliyepiga makofi. Kobe ndiye aliyemfunga bandeji mpya, pale pale mbele ya watu, polepole kama kawaida yake, na Mzee Nyuzi akamwachia mguu wake.

Nyumbani alikaa ukingoni mwa kitanda, akamwita mkewe, akavua soksi bila kuulizwa. Mama Pacha alikitazama kile kidole, akaketi chini, akalia. Mzee naye akalia. Alimwambia mkewe kwamba anaogopa, neno ambalo tangu waoane hajawahi kulitamka, na mkewe akamjibu kwamba anajua, soksi zimekuwa zikimwambia kila siku. Siku ile hakumsuta. Alimsuta kesho yake asubuhi, tena kwa kirefu, na mzee akanyamaza akala kipondo chake cha maneno mpaka mwisho.

Wiki iliyofuata Mzee Nyuzi aliziona zile taa kwa chini. Zilikuwa kubwa kuliko alivyodhani. Alikuwa macho, maana tiba hii hailazimu usingizi. Kinena tu kimetiwa ganzi, na kichwa chake kimegeuzwa kidogo ili aione skrini ya eksirei. Kobe alikuwa amemwambia ukweli wote bila kuupaka sukari: kidole chenyewe pengine kitakwenda, lakini damu ikipita, mguu utabaki. Isipopita, watazungumza mengine. Muuguzi mmoja wa siku nyingi, mmoja wa wale waliombatiza jina, alisimama kichwani pake akimshika bega.

Aliuona waya ukiteremka kwenye kivuli cha paja lake mwenyewe, ukapita goti, ukaingia kwenye mishipa midogo ya chini. Hapo ukagota. Palikuwa peupe kwa ugumu, kama ganda la yai, na ncha ya waya ikajipinda. Mikono ya Mzee Nyuzi, chini ya shuka, ikajikunja yenyewe. Sukuma, ilikuwa inasema ile mikono, sukuma tumalize. Aliijua nguvu ambayo angetumia yeye, na akaelewa, amelala pale na roho mkononi, kwamba kwa nguvu ile mshipa ungetoboka.

Kobe hakusukuma. Aliurudisha waya nyuma kidogo, akangoja. Akauzungusha kwa ncha za vidole, akatazama, akangoja tena. Hakuna aliyegonga sinia. Dakika zilikwenda na ncha ya waya haikusogea hata unene wa ukucha, na Kobe, bila kuondoa macho kwenye skrini, akasema kwa sauti ya chini iliyokuwa na tabasamu na woga ndani yake, "Mwalimu, unisamehe. Utazeeka mezani."

Machozi yalimteleza Mzee Nyuzi hadi masikioni, na hakuwa na mkono wa kuyafuta.

"Acha nizeeke, mwanangu," alisema. "Nenda polepole."